Ndimu, majivu na choya

Jana Zawadi kaniuliza, macho yakiwa kwenye simu: "Shangazi, kwani chuo ni lazima uende?" Nikamwambia akoroge uji usishike chini. Ila swali lenyewe lilinirudisha Ngamiani, Tanga, Aprili 2020.

Vyuo vilikuwa vimefungwa kwa korona tangu Machi, wanafunzi wangu wa kemia wametawanyika na mabegi yao, mimi mwalimu wao nimerudi kwa mama. Mihadhara haikunisumbua. Saa nzima ya sauti, ukiibana kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti 15. Hata mwenye bando la kuungaunga anaipata. Kilichogoma ni maabara.

Basi nikawapa taitresheni ya jikoni, yaani kudondosha asidi kwenye besi, kinyume chake, mpaka zimalizane, upime imeingia kiasi gani. Majivu ya kuni yalowekwe usiku kucha, maji yachujwe kwa kitambaa: hiyo ndiyo besi. Asidi ni ndimu. Badala ya bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo na koki, bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa. Badala ya POP (fenolfthalini), kemikali ya kuonyesha kwa rangi kwamba zimemalizana, maji ya choya: kwenye besi yanaelekea kijani, kwenye asidi mekundu. Kikombe kiwe juu ya karatasi nyeupe, ndimu idondoke tone kwa tone huku unatikisa.

Usiku picha zikaanza kumiminika. Chini ya taa za njano kila kikombe kilikuwa rangi ya kutu. Kijana wa Pangani akaamua kupiga.

"Mwalimu, imeshabadilika au bado?"

"Ongeza tone."

"Inatoa povu."

"Ni kaboneti ya majivu hiyo, endelea."

Kimya. "Sasa kama zambarau... hapana, kama chai."

Choya haigeuki ghafla kama POP. Inapita rangi kwa rangi, kwa hiyo kila mmoja alisimama pake. Maabarani ningekuwa ubavuni kwake, nimwambie funga. Kwenye simu nilikuwa na hiyo "kama" yake tu.

Majibu hayakukaribiana, na yasingeweza: ndimu hazilingani ukali, wala majivu ya mnazi si ya mwembe.

Juni 1 vyuo vikafunguliwa, tukabanana, muhula ukaisha. Vikao vikajaa habari za masomo ya mtandaoni. Sawa, Chuo Kikuu Huria kinafundisha walio mbali tangu 1994. Pesa ya kemikali za maabara hakuna aliyeigusia. Nami nilishajipanga kusema wazi kwamba maabara haihamishiki, ila siku ya kwanza ya vitendo yule wa Pangani, kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameshatoa kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti. Nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Si lile bomba la sindano, mwalimu. Lilikuwa linashika hewa kila saa."