Nimeyavua masanduku ya alumini

Wapenzi wa safari za pikipiki, nimeyavua masanduku ya alumini ya mizigo yaliyokuwa ubavuni mwa pikipiki yangu. Kwenye lami ya Isiolo hadi Marsabit yalitulia kabisa, hata kufuli zake nilizipenda. Kisha nikaingia njia ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Gurudumu la mbele likazama mchangani, nikashusha mguu kujizuia, pikipiki ikazidi kusogea na kona ya sanduku ikanikandamiza shavu la mguu. Ningeweza kuvunjika kule, mbali na hospitali.

Sasa nina mifuko laini ya turubai, lita 25 kila upande. Mdomo unaukunja mara tatu ndipo unabana kifungo, vumbi haliingii. Upande wa ekzosi nimefunga bati, maana turubai la plastiki likigusa bomba linayeyuka. Kufuli hakuna, kwa hiyo pasipoti natembea nayo kifuani. Desemba narudi Turkana.