Projekti ya sayansi ya mwanangu: viazi, misumari na ushauri mbovu niliopewa

Mtu akikwambia mtoto wa shule ya msingi apeleke volkano kwenye maonyesho ya sayansi, mshukuru halafu achana naye. Mimi niliambiwa volkano na kila mtu, jirani, shemeji, wazazi wenzangu kwenye grupu la darasa, eti inapendeza, povu linatoka, majaji wanafurahi. Inaniudhi mpaka leo. Povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu, inatoka siki ikikutana na bikaboneti (ile soda ya kuokea), na volkano ya kweli wala haiendi hivyo, ile inasukumwa na gesi zilizoyeyuka ndani ya mwamba wa moto kule chini. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba haina swali ndani. Jaji akiuliza "ulitaka kujua nini?" mtoto atajibu nini jamani?

Mwanangu yuko darasa la tano na swali alikuwa nalo mwenyewe. Alishaona kwenye kitabu chake picha ya limau lililochomekwa msumari na waya, likawa betri, akasikia na kiazi kinaweza. Siku moja ananiuliza, je kiazi kikichemshwa umeme wake unakufa? Nikamwambia hilo ndilo swali lako, liandike kwenye daftari na uandike unavyokisia. Akaandika: "Utakufa kwa sababu moto unaua vitu." Sikumsahihisha. Kwenye kusoma soma nilikuta kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walilifanyia kazi jambo hilihili mwaka 2010, lakini nilinyamaza kabisa, nilitaka alione kwa macho yake kwanza.

Sasa balaa la balbu. Mjomba wake ni mtu wa kujua kila kitu, akasema mita za kupimia umeme za nini, chukueni balbu ya tochi, ikiwaka kiazi kina umeme, isipowaka hakina. Basi tukachomeka msumari wa bati (ule uliopakwa zinki) upande mmoja na waya wa shaba upande wa pili, tukaunga balbu, kimya. Mjomba akasema viazi havitoshi, ongezeni. Tukaongeza. Kimya. Akasema waya mbovu, tukabadilisha waya. Akasema viazi vidogo, tukatafuta vikubwa, meza nzima imejaa viazi na waya zimesokotana, mtoto kaanza kukata tamaa, mjomba anasema tena ongezeni, na balbu haijatoa hata wekundu wa kudanganyia. Jioni ile yote ikaishia hapo. Ukweli ni kwamba balbu ya tochi ya zamani inataka mkondo wa umeme wa kama miliampea 200 au 300 (miliampea ni kipimo cha mkondo) ndipo iwake, na kiazi na msumari wake kinatoa kidogo mno, unaweza kujaza chumba viazi kwa mpango ule usione kitu. Viazi vilikuwa vizima, waya zilikuwa nzima, ushauri ndio mbovu.

Kinachotakiwa ni LED nyekundu, kile kitaa kidogo kinachowaka kwa umeme kidogo sana. Nyekundu, siyo nyeupe wala bluu, maana nyekundu inaanza kuonyesha uhai karibu na volti 1.8 wakati nyeupe inataka kama 3. Kiazi kimoja kinakupa karibu volti 0.9, kwa hiyo unaunga vipande vitatu au vinne kwa mfululizo, shaba ya hiki kwenye msumari wa kile. Na kila kipande kikae peke yake kwenye kisahani chake! Ukichomeka misumari na shaba zote ndani ya kiazi kimoja volti hazijumlishiki, lakini ukikikata kiazi hichohicho vipande vinne ukavitenganisha, zinajumlishika. LED nayo ina mguu mrefu na mfupi, mrefu uende upande wa shaba, ukigeuza haiwaki.

Mita tuliazima kwa fundi umeme, tena kwa furaha kabisa. Kwa ujumla gharama haikuwa ya kusema, vitu vingi vilikuwepo nyumbani.

Tukapima volti. Kibichi 0.9 na nukta zake, cha kuchemsha 0.9 na nukta zake. Tofauti hamna. Mtoto akaniangalia uso umenyong'onyea, anasema projekti imekufa. Nikamwambia hebu badilisha mita isome miliampea, upime mkondo badala ya volti. Nilimweleza kwa bomba la maji, kwamba presha inaweza kuwa ileile lakini bomba moja lina uchafu ndani na jingine safi, ndoo ya bomba safi itajaa haraka. Akapima tena. Kibichi hata miliampea moja hakifiki, cha kuchemsha kimepanda mara kadhaa! Alipiga kelele nikadhani amejichoma. Akarudia, akarudia na viazi vingine, kila mara cha kuchemsha kinashinda.

Hapo ndipo nikampa habari ya wale watafiti, walipata nguvu ya umeme mpaka mara 10 kwa kiazi kilichochemshwa. Kuchemsha kunavunja kuta na ngozi za chembehai, maji na chumvi za ndani zinapita kirahisi, upinzani wa ndani unashuka. Nilimkataza kufuta kisio lake la mwanzo. Kuna mzazi alinishauri nimwambie alibadilishe "lionekane alijua", nikakataa katakata, huo ni uongo na tunamfundisha mtoto uongo kwa jina la sayansi.

Kitu ninachojivunia zaidi kuliko vyote alikibuni yeye. Namba zilikuwa zinarukaruka, kiazi kilekile mara hivi mara vile, akagundua mwenyewe kwamba msumari ukizama zaidi namba inapanda, na umbali kati ya msumari na shaba nao una neno. Akachukua kipande cha kadibodi akatoboa matundu mawili, kila kiazi kinawekewa kadibodi hiyo juu na msumari na waya vinapitia kwenye matundu, umbali haubadiliki tena. Halafu akazungusha utepe wa gundi kwenye msumari kuweka alama ya kina, ukifika kwenye utepe unasimama. Namba pia zinashuka taratibu ukiacha mita imeungwa, kwa hiyo akaweka sheria: unga, hesabu mpaka kumi, soma, andika. Viazi vya kuchemsha vilipoe kwanza vifanane joto na vibichi. Shaba isuguliwe na msasa kila mara, ila msumari usisugue, utatoa zinki yote. Mtoto wa darasa la tano anafanya hivyo halafu unaniambia volkano!

Bango lilikuwa manila ya kawaida, mwandiko wake, grafu ya mihimili aliyochora kwa rula. Niliambiwa nichapishe kwenye kompyuta na niweke mapambo. Sikuweka. Majaji siyo watoto, wanajua mkono wa mzazi ulipopita.

Siku ya maonyesho kuna jambo moja niliwaza usiku wake, ukumbi una mwanga mwingi na LED ya viazi ni hafifu, nani ataiona? Tukachukua boksi la viatu, ndani tukapaka rangi nyeusi tii, LED mbili zikaingia humo, moja ya viazi vibichi na moja ya kuchemsha, tukatoboa tundu la kuchungulia. Ukichungulia unaona moja inafifia na ya pili inang'aa. Watoto walipanga foleni kwenye meza yetu, na majaji nao wakainama kuchungulia.

Jaji mmoja mama akamuuliza swali la mtego, "kwa hiyo umeme unatoka kwenye kiazi?" Akajibu bila kuniangalia: "Hapana mwalimu, nguvu inatoka kwenye zinki ya msumari inavyoyeyuka, kiazi ni njia tu." Akaongeza kwamba Alessandro Volta mwaka 1800 alitengeneza betri ya kwanza ya vipande vya metali na vitambaa vya maji ya chumvi, bila kiazi chochote, na neno volti limetokana na jina lake. Nilikuwa nimesimama nyuma, machozi yananilenga. Alishika nafasi ya pili, na volkano zilikuwepo kadhaa, sizisemi.

Kwa atakayejaribu, viazi vilivyochomekwa misumari msivile wala msiwape mifugo, hata kama vimechemshwa vinanukia, zinki na shaba zimeshaingia humo. Sisi tulivifukia vyote, na misumari ikirudiwa rudiwa inabadilika rangi na namba zinaharibika, kwa hiyo mpya ziwepo za akiba siku ya maonyesho yenyewe.