Jiwe letu kwenye foleni

Jana mjukuu wangu kaacha ugali mweupe pee kwenye sahani eti haujaiva vizuri, nikabaki nacheka peke yangu. Sisi wa Majengo, hapa hapa Dodoma, tuliokuwa watoto vita ya Kagera ilipoisha 1979, tumekula wa njano. Mwalimu Nyerere alisema tufunge mkanda miezi 18, kwetu ile miezi 18 iliendelea mpaka nikamaliza darasa la saba, sijui aliyekuwa anahesabu alikuwa nani.

Mtaani mchezo wetu ulikuwa vita tu. Wote tunataka kuwa wanajeshi, nduli Idi Amin hakuna anayetaka kuwa, basi anakuwa yule mdogo kuliko wote, anafukuzwa mpaka relini huko analia.

Baba alikuwa reli, fundi, anarudi jioni grisi mpaka kwenye nyusi na sabuni ya kuitoa hakuna. Mama anaomba majani ya mpapai kwa jirani, anayaponda, anafulia ovaroli, povu la kuungaunga, na madoa yako pale pale.

Kazi yangu mimi ilikuwa jiwe. Ikisikika tu duka la kaya, lile la mgao, limeletewa sukari, usiku huohuo watu wanapanga mawe mlangoni, kila jiwe ni mtu, wewe unaenda zako kulala. Sasa jiwe halina mdomo, ukichelewa unakuta lako limesogezwa huko nyuma na hakuna aliyeona. Letu lilikuwa kipande cha tofali la kuchoma, mama kalichora msalaba kwa mkaa, na mimi saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Juni ile ya kwetu inayopasua midomo, nimejifunika kitenge nimelikalia. Siku moja nikaenda kujisaidia mara moja tu jamani, narudi halipo! Na sukari siku hiyo tukaikosa. Jioni mama kaenda kuomba moto kwa mama jirani, akalikuta ni figa, limebeba sufuria la mlenda, msalaba unaonekana vizuri kabisa. Wala hakusema kitu, kasalimia, kachukua kaa lake la moto, kaaga. Kesho yake watoto wa kule wakatuletea sukari kwenye kikombe, nusu, kimefunikwa kisahani.

Ila kilichokuwa kinaniua ni baba. Yale mahindi ya njano yalikuwa msaada kutoka Marekani, na watu kwa ile rangi wakauita unga wake yanga. Na baba ni Simba, Simba ya kutokula siku timu ikifungwa. Basi kila jioni ananawa, anakaa kwenye kigoda, anauangalia ule ugali muda mrefu, halafu anamega tonge.

"Mama nanihii, leo tena wametufunga."

Na anamaliza wote.