Kabla msimamizi hajasema "anzeni"

Jumapili usiku

Novemba iko mlangoni, na kidato cha nne wanasubiri pepa za Necta, baraza la mitihani la Tanzania. Ushauri wanaomiminiwa wiki hizi karibu wote unahusu wasome nini. Hali ya akili imeachiwa dua na kahawa. (Dua siigusi, kahawa nina neno nayo.)

Kusinzia prepo (kipindi cha kujisomea usiku) na kuganda kwenye chumba cha mtihani ni matatizo mawili yanayopingana. Prepo mwili umelegea, unataka kuamshwa. Kwenye pepa umepanda kupita kiasi, unataka kushushwa. Mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson wa Marekani waliwafundisha panya kwa mshtuko wa umeme wakaona kwamba kazi ikiwa ngumu, mshtuko mkali unaharibu kujifunza. Wa wastani unafaa zaidi.

Basi tuanze na prepo. Miguu kwenye beseni la maji baridi huondoa usingizi, lakini macho makavu juu ya daftari lile lile hayaongezi kitu. Funika daftari, simama, andika kwenye karatasi tupu yote unayokumbuka kuhusu mada, kisha fungua usahihishe. Inachosha, tena inaudhi. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, ila baada ya wiki waliojipima ndio waliowapita. Kurudia kusoma kunakupa utulivu wa bandia, na utulivu huo huvunjika pale pale unapofungua pepa.

Kahawa: nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa usiku nusu bado ipo. Atakayelala saa hizo analala usingizi mwepesi, na usingizi ndio unaoyashikisha yaliyosomwa.

Sasa chumba cha mtihani. Moyo unadunda, viganja vina jasho, swali la kwanza linasomeka kama lugha ya kigeni. Kosa la kawaida hapa ni kuvuta pumzi nyingi za harakaharaka. Hewa ya ukaa inapungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafanya ganzi, na mtahiniwa anaamini anazimia. Kinachotuliza ni kutoa pumzi polepole. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, bila kujaza kifua. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10. Kumi na mbili ni dakika 2. Ifanyie mazoezi prepo kuanzia leo, maana mbinu inayojaribiwa mara ya kwanza siku ya pepa huwa mzigo mwingine.

Ukishatulia, andika fomula unazoogopa kuzisahau pale panaporuhusiwa kazi ya rafu. Halafu piga hesabu ya muda: pepa ya saa 3 yenye alama 100 inakupa chini ya dakika 2 kwa alama. Swali la alama 10 lisile zaidi ya dakika 18. Dakika 3 zikipita kalamu imesimama, ruka. Mara nyingi jibu hujileta lenyewe ukiwa kwenye swali jingine.

Ukitoka, usisimame na wale wanaolinganisha majibu chini ya mwembe, hasa kama mchana kuna pepa nyingine. Kunywa maji, kula kitu, kaa kivulini peke yako.