Corolla iliyogonga kila nikifungua nitrasi

Nitrasi oksidi, gesi inayoingizwa kwenye injini kuongeza nguvu, yenyewe haiwaki. Joto la silinda huivunja na kuachia oksijeni, kama asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 23 tu. Oksijeni hiyo ikikosa petroli ya kutosha, moto unazidi, injini inagonga (mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda) na pistoni inaweza kutoboka. Corolla yangu ya zamani, yenye injini ya 4A-FE, ilikuwa inaelekea huko: nikikanyaga mafuta hadi mwisho, gesi ikiingia, nasikia mlio kama kokoto kwenye kopo.

Nilichomoa plagi. Kauri ilikuwa nyeupe pe, na vitone vidogo vinavyong'aa vimeganda juu yake: alumini ya pistoni. Ukiona hivyo, funga mtungi wa gesi kwanza, mengine baadaye. Geji ilionyesha presha ya petroli ikishuka kila injini inapobeba mzigo; pampu ilikuwa imechoka.

Nikabadilisha pampu na filta, nikaweka plagi za baridi zaidi, yaani zinazopoa haraka, zenye mwanya mdogo. Kisha taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche: niliunganisha TE1 na E1, pini mbili za soketi ya uchunguzi, nikazungusha distribyuta kuirudisha kutoka nyuzi 10 hadi 8 kabla ya pistoni kufika juu. Wengi huiruka hatua hii, na inaniuma, maana nitrasi huharakisha uchomaji.

Sasa inavuta bila kugonga. Jeti, kitundu kinachopima gesi, nimebaki na ile ndogo, ya nguvu za farasi 35. Vyuma vya umri huu sivibebeshi zaidi. Na swichi hairuhusu gesi kabla ya mizunguko 3,000 kwa dakika.