Siku moja maishani mwangu: mkunga ninayefundisha wakunga

Saa 1:15 asubuhi. Zamu ya usiku bado haijakabidhi. Salamu fupi, kisha moja kwa moja kwenye meza ya mtoto. Ambu, mfuko wa kubonyeza wa kumpa hewa mtoto asiyepumua, ipo. Naziba maski kwa kiganja na kubonyeza, hewa haivuji. Ila maski namba 0, ile ndogo ya watoto njiti, haionekani. Imeoshwa jana ikaachwa chumba cha vyombo! Mtoto njiti akizaliwa sasa hivi amechoka, hapumui, nani atakwenda kuitafuta?

Saa 2:00. Makabidhiano. Kina mama wanne wana uchungu, mmoja ana mapacha.

Saa 2:30. Mazoezi, dakika kumi tu, palepale wodini. Mwanasesere nimemjaza maji, kama lita mbili, awe na uzito wa mtoto kweli. Pembeni nina vipira vya kuminya: kimoja hufanya kitovu kipige, kingine hupandisha kifua. Leo cha kifua sikigusi, awe kama mtoto asiyepumua.

"Halii, Sista," anasema mkunga aliyehamia kwetu kutoka zahanati. Anamkausha, anamsugua mgongo. Anasugua tena. Na tena. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kusugua na kufyonza ute huku muda unayoyoma. Dakika ya Dhahabu, ile ya kwanza baada ya kuzaliwa, ni hiyohiyo moja: ikiisha, mtoto awe anapumua mwenyewe au anapewa hewa.

"Ambu, dada!" mwenzake anamshtua.

Maski inakaa, kifua hakipandi. Kidevu kimeangukia kifuani. Ananyoosha shingo kidogo, anabana maski upya, kifua kinapanda. Anahesabu kwa sauti, mwendo wa pumzi 40 kwa dakika.

Wapo wanaoona semina ya siku moja, yenye chai na posho, inatosha. Hospitali ya Haydom, kule Mbulu, walilipima jambo hilo. Baada ya mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto wachanga kupumua, mwaka 2010, wahudumu walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini kwa watoto wenyewe huduma haikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kwa hiyo mtu akinialika hotelini kufundisha, swali langu la kwanza ni nani atasimamia mazoezi wiki inayofuata.

Saa 5:10. Leba. Mtoto katoka kalegea, hana sauti. Ni yule yule wa zahanati aliyempokea. Kakausha, kasugua mara chache, kakata kitovu, kamweka mezani. Mimi nimeshika saa, mikono siingizi. Dakika haijatimia, ambu iko usoni. Mtoto akakohoa, akakunja uso, kisha akalia kwa hasira. Kifuani kwa mama moja kwa moja, ngozi kwa ngozi.

Saa 8:00. Tunaijadili leba ile, tukianza na yaliyokwenda sawa. Mtu akisutwa mbele ya wenzake, kesho hatakuja mazoezini.

Saa 9:00. Stoo. Naomba maski za akiba, naambiwa nilete barua ya mganga mfawidhi. Naiandika palepale kaunta.

Saa 10 kasoro. Nampigia kiongozi wa zamu ya usiku, maana zamu hiyo husahaulika sana na ndiyo yenye watu wachache. Zoezi lao ni saa 3 usiku, na atalisimamia yeye. Kauliza kama anaweza kuanza na zoezi la mapacha. Nimemwambia aanze.