Jinsi majirani wa lugha mbalimbali walivyopata sauti kwenye mpango wa mji

Mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo letu ulipowekwa wazi ili wakazi watoe maoni, kila kitu kilikuwa katika lugha ya ofisi: kitabu, ramani, hata fomu ya pingamizi. Majirani zangu wengi lugha hiyo hawaimudu. Kwenye mkutano walisaini mahudhurio, wakakaa kimya, wakaondoka. Saini hizo zingehesabiwa kuwa ushirikishwaji, na hilo liliniuma. Sherry Arnstein, mwandishi wa Marekani wa masuala ya ushirikishwaji wa wananchi, aliupanga katika ngazi nane, kutoka chini kwenda juu, mwaka 1969. Kupewa taarifa ni ya tatu, ilhali nguvu ya kuamua huanzia ya sita. Sisi hata ya tatu hatukuwa tumeifikia.

Sikukimbilia kutafsiri kitabu kizima. Niliwauliza watu wanahofia nini: nyumba ipi itabomolewa, njia ipi itazibwa, maji ya mvua yatapita wapi. Majibu niliyatafuta kitabuni, nayo yakaandikwa kwenye karatasi moja kwa kila lugha.

Ramani ndiyo iliyotutoa jasho. Kipimo chake kilikuwa 1:2,500, yaani sentimita moja ni mita 25 ardhini, na mwenye nyumba hakuiona nyumba yake humo. Basi tukatoka nayo mtaani, tukasimama pale upanuzi wa barabara ungeishia. Hapo watu wakaanza kusema. Bibi mmoja alituonyesha mkondo unaofurika kila mvua zinapokolea. Ramani ilipaonyesha kuwa eneo la makazi.

Kwa ofisa mipango niliomba maoni ya mdomo yapewe uzito sawa na ya maandishi, na mkutano uongezewe muda, kwani ukalimani wa kupokezana, ambapo msemaji hutua ili mkalimani atafsiri, huufanya urefuke karibu maradufu. La kwanza alilikubali mara moja. La pili nililing'ang'ania. Tulikaa kwa makundi ya lugha, na watoto hatukuwafanya wakalimani: mtoto huona haya kufikisha hasira ya mzazi wake. Kila oni liliandikwa, likasomwa tena kwa aliyelitoa, ndipo akaweka jina lake.

Katika rasimu mpya mkondo umeachwa kuwa eneo la wazi. Upanuzi wa barabara haukuguswa, ila safari hii sababu zilitolewa kwa lugha zote, na wanaoguswa nao wamekata rufaa wakiwa na mkalimani. Uamuzi bado tunausubiri.